Tita la Thelathini

Manundu, Korogwe
Jumapili, alasiri

Mwanangu Yusufu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, kwa sababu naisikia kutoka hapa mezani: uko uani unafunga godoro kwa kamba, na unamweleza binti wa jirani kwa nini fundo hilo halitafunguka njiani. Unaeleza huku unafunga. Hujawahi kuweza kufanya moja bila la pili. Kesho alfajiri utapanda basi la Handeni, na barua yako ya kupangiwa kituo katika kata ya Mazingara itakuwa ndani ya bahasha ambayo nimeikagua mara tatu.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kumpigia simu shangazi yako tumekwisha kuyazungumza, na sioni sababu ya kuyaandika. Ninaandika kwa ajili ya jambo moja, nalo nimelibeba tangu siku nilipokaa nyuma ya darasa lako ulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Ulitoka darasani uso unang'aa, chaki hadi kwenye nyusi, ukaniuliza, "Mama, umeonaje?" Nikajibu, "Nimeona mwalimu." Jibu lile lilikuwa la kweli, na bado nalisimamia. Lakini halikuwa kamili, na wewe unajua vizuri nilivyokuwa nikiwatendea wanafunzi waliotoa majibu yasiyo kamili.

Ili nilikamilishe, sina budi kuanzia mbali kidogo.

Unakwenda mahali ambapo mimi nilijifunza namna ya kujifunza. Shule yetu kule Mazingara ilikuwa na kitabu kimoja cha Hesabu, nacho kilikaa mezani kwa mwalimu. Ubao ulikuwa mdogo. Mwalimu aliandika mfano wa kwanza, akaueleza, kisha akaufuta ili apate nafasi ya mfano wa pili. Ambaye hakuwahi kunakili, mfano ulikuwa umempita. Mimi niliwahi. Nilichora mistari miwili ya pambizo kwa ncha ya kijiti kilichonyooka, kwa kuwa rula hatukuwa nayo, nikaandika kila kitu. Nyumbani, baada ya kuteka maji na kabla jua halijazama, nilikaa kwenye kizingiti, nikafunika mfano kwa kiganja cha kushoto na kuuandika upya kwa mkono wa kulia. Kisha nikafunua. Nilipokosea, nilirudia. Sikumuuliza mtu swali hata moja kwa miaka saba. Woga ulikuwepo, sikatai, lakini kwa kweli sikuwa na haja ya kuuliza. Nilichoambiwa kilinipita, na nilichokiandika kilikaa.

Sikufundishwa njia hiyo. Niliigundua mwenyewe, na pengine hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa maana mtu humwamini sana aliyemwokoa. Njia ile ilinitoa Mazingara, ikanifikisha chuo cha ualimu, ikanipa kazi hapa Korogwe. Nikafanya kosa ambalo ningemkata alama mwanafunzi yeyote kwa kulifanya: kutokana na ukweli kwamba njia hii ilinifundisha mimi, nilihitimisha kwamba njia hii ndiyo kufundisha.

Unalikumbuka darasa langu, maana ulikaa ndani yake. Kimya. Mistari miwili ya pambizo. Mfano ubaoni, mnakili, mnaufunika, mnauandika upya. Wakaguzi walilipenda. Mwalimu mkuu alikuwa akiwaambia wageni kwamba katika darasa la Mwalimu Mwanahamisi hata kifutio kikianguka utakisikia. Na walikuwepo waliofanya vizuri, wengi tu, nami nikajivunia kwamba nimewafundisha. Wale walioshindwa nilisema kwamba hawakujifunza. Zitazame sentensi hizo mbili kwa makini, mwanangu. Katika ya kwanza mtendaji ni mimi. Katika ya pili mtendaji ni wao. Niliishi na mgawanyo huo wa sifa na lawama miaka mingi bila kuuona.

Kisha ukaingia darasa la tano, na mwalimu wa Hesabu wa darasa la tano nilikuwa mimi.

Hukuwa mtundu. Nataka hilo liandikwe. Ulikuwa ukiniamkia "Shikamoo, mwalimu" mlangoni kama wenzako wote, ingawa asubuhi hiyo hiyo ulikuwa umeninyang'anya kiazi cha mwisho jikoni. Lakini nikiandika swali ubaoni, vidole vyako vilianza kutembea juu ya dawati, midomo yako ikafuata, na hatimaye ukasikika. "Kumi hizi hapa, kumi hizi hapa..." Jirani yako akaanza kucheka, na kimya changu kikavunjika. Nilikuonya mara mbili. Mara ya tatu nikasema, "Yusufu, kalia mikono yako."

Ukaikalia. Viganja chini ya mapaja, mabega juu kama kifaranga aliyelowa. Ulipotakiwa kuandika uliutoa mmoja, ukaandika, ukaurudisha. Haikuwa siku moja. Muhula mzima, kila kipindi cha Hesabu, uliikalia mikono yako bila kuambiwa tena, kwa sababu nilikuwa nimekulea kutii. Alama zako zilishuka kutoka za wastani hadi za aibu. Swali la nusu kujumlisha theluthi ulilijibu mbili ya tano, ukalirudia jibu hilo katika kila jaribio, nami nikaliweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu katika kila jaribio, tukaenda hivyo kama watu wawili wanaosalimiana kila asubuhi bila kujuana majina. Mwisho wa muhula niliandika kwenye ripoti yako: "Hesabu: hana kipawa." Nikaweka sahihi yangu kama mwalimu wa somo. Nyumbani nikaweka sahihi yangu tena, kama mzazi.

Jana nilipokuwa nakunja mashati yako niliiona ripoti hiyo chini kabisa ya sanduku lako. Sikujua kwamba umeihifadhi. Sitakuuliza kwa nini. Niliirudisha mahali pake kama nilivyoikuta.

Aliyenifungua macho ni babu yako, mzaa baba. Wewe unayajua maisha yake kwa hadithi zake, lakini mengi alikupunguzia makali. Baba yake aliletwa huku kukata mkonge, naye akalirithi panga lile lile na mashamba yale yale. Majani yalifungwa matita, na kila tita lilikuwa majani thelathini. Mnyapara alipita akahesabu. Tita lenye ishirini na tisa halikupokelewa. Si kwamba lilipokelewa kwa upungufu. Halikupokelewa kabisa, ukarudishwa shambani na miiba yako. Hivyo babu yako, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aliijua thelathini kama ninavyoijua mimi mistari ya pambizo. Angeweza kuipasua kwa namna zote, kwa giza, huku anavuta kiko.

Ilikuwa likizo, jioni. Nilikuwa ndani nasahihisha madaftari, nanyi mlikuwa barazani. Alikuwa amekukatia vijiti thelathini kutoka kwenye bua kavu la mkonge, urefu wa kidole, akavifunga kwa uzi wa katani. Nikakusikia ukisema:

"Babu, nipe nusu ya tita."

"Jichukulie mwenyewe. Mimi si mtumishi wako."

"Kumi na tano. Sasa naongeza theluthi ya tita. Kumi. Ishirini na tano."

"Na vilivyobaki?"

"Vitano."

"Basi tita lako lina vijitita vingapi vya vitano vitano?"

Nikasikia vijiti vikigongana. "Sita. Vitano ninavyo, kimoja sina." Halafu, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu barabarani, "Babu, ni tano ya sita."

Nilisimama na kalamu mkononi. Lile ndilo swali ulilolikosa muhula mzima. Nilitoka nje, na nilipotokea tu mlangoni ulifanya kitu ambacho sijakisahau: uliviacha vijiti, ukaingiza mikono chini ya mapaja.

Babu yako aliona. Alitazama mikono yako, akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, maana hata mimi mkwewe aliniita hivyo, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, "huyu kajikalia nini?"

"Darasani anapiga kelele, baba. Nilimwambia atulize mikono."

"Umemfunga mikono halafu ukamwambia ahesabu."

"Hesabu hufanyika kichwani, baba."

Akacheka mpaka kiko kikazimika. "Yule mnyapara wetu alikuwa amesoma kuliko wewe. Kalamu tatu mfukoni. Na alikuwa anahesabu kwa kidole, hivi, jani kwa jani, midomo inacheza. Ungemkalisha mikono, kampuni nzima ingelala njaa."

Nilirudi ndani. Muhula uliofuata sikukwambia ukalie mikono, wala sikumwambia mtoto mwingine yeyote tangu hapo. Wewe ulidhani nimesahau. Sikusahau, nilikuwa naona aibu, na aibu ya mtu kama mimi huvaa nguo za ukali. Niliacha vijiti viingie darasani, kwanza kimoja kimoja kama magendo, baadaye kwa makopo. Darasa langu likawa na kelele za kiasi. Mwalimu mkuu akaacha kuniletea wageni.

Lakini sikukuomba radhi. Kwa hiyo: nilikosea. Nimeliandika neno hilo peke yake ili lisijifiche ndani ya sentensi ndefu.

Ulipomaliza kidato cha nne na kuniambia kwamba unakwenda kusomea ualimu wa Hisabati, nilikuuliza kwa nini Hisabati, kati ya masomo yote. Ukasema, "Kwa sababu nakumbuka ilivyo kutoielewa." Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa vya ualimu na sikuwa nimekutana na sababu bora kuliko hiyo. Nilikwenda jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Sasa nifike kwenye darasa lako.

Nilikaa nyuma, kwenye dawati la mwisho, magoti yakigusa ubao wa chini. Nimekagua masomo ya walimu wenzangu wengi, na nilikuja nikiwa na daftari ili niandike kasoro. Kwa robo saa ya kwanza sikuandika neno. Ulikuwa umewapa kila kikundi tita la vijiti. Uliwauliza swali, ukanyamaza, ukaacha ukimya ufanye kazi, jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulijifunza. Mvulana mmoja alijibu "mbili ya tano," na sikuona hata kivuli cha dharau usoni mwako. Ulimwambia, "Hilo jibu nalifahamu sana, ni rafiki yangu wa zamani. Hebu tulijaribu kwa vijiti." Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao. Dakika tatu baadaye alikuwa anamfundisha jirani yake. Nilikutazama ukipita kati ya madawati, unainama, unagusa, unauliza, na nikajiambia kwamba huyu niliyeandika kwamba hana kipawa amekipata kipawa kisichoandikika kwenye ripoti. Fahari niliyokuwa nayo siku ile sijawahi kuwa nayo kwa ajili ya kazi yangu mwenyewe. Sijaitia chumvi. Unajua kwamba sitii.

Dirishani alikuwepo binti aitwaye Zaina. Kikundi chake kilikuwa kinabishana juu ya vijiti, naye alikuwa amekiinamia kitu alichokizungushia mkono. Ulimwona hashiki vijiti. Ukasema, "Zaina, njoo mbele utuonyeshe."

Akaja. Alivishika vijiti kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa abiria mwingine. Hakusema neno. Sauti ya nyuma ikasema, "Huyo bubu, mwalimu," na wachache wakacheka. Ulikizima kicheko kile mara moja, na vizuri. Lakini kisha ukamwambia, kwa upole kabisa, "Changamka, Zaina. Hesabu haiumi." Akasimama pale mpaka ulipomruhusu kukaa. Katika kitabu chako cha kumbukumbu, ulichonionyesha kwa furaha baadaye, mbele ya jina lake uliandika: "Hashiriki."

Wakati wa mapumziko nilimkuta amekaa peke yake darasani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Naomba nilione daftari lako."

Akasita, akanipa. Yusufu, lilikuwa na mistari miwili ya pambizo. Swali ulilomwitia mbele lilikuwa limejibiwa, hatua kwa hatua, na chini yake alikuwa amejitungia maswali mengine matatu na kuyajibu, yote sahihi. Nikamuuliza nani amemfundisha kuchora mistari ile.

"Hakuna, bibi. Nachora ili nisipotee."

"Mbona hukusema pale mbele, na jibu unalo?"

Alifikiri kwa muda mrefu kabla ya kujibu, kama mtu anayeandika. "Wakiongea wote," akasema, "sisikii ninachofikiri."

Hilo ndilo nililoliacha katika jibu langu la siku ile. Niliona mwalimu, na niliona pia kwamba mwalimu huyo amejenga darasa ambalo yeye, akiwa na miaka kumi na mmoja, angeng'ara ndani yake. Mimi nilikuwa nimejenga darasa ambalo mimi ningeng'ara ndani yake. Nilikukalisha mikono kwa ajili ya kimya changu. Wewe ulimsimamisha Zaina kwa ajili ya sauti yako. Tofauti ipo, na sitaki kukudhulumu: wewe ulikuwa mpole, mimi sikuwa. Lakini neno "hashiriki" na maneno "hana kipawa" yameandikwa na mkono wa aina moja, mkono wa mtu anayemtafuta mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe alipatikana.

Kwa nini sikukwambia palepale? Kwa sababu ulikuwa na furaha, na kwa sababu nilijiuliza kama ninamtetea mtoto au ninajitetea mimi na kimya changu. Nimelipima swali hilo miezi mingi. Nadhani ni vyote viwili. Hata hivyo mtoto yupo.

Na Mazingara wa namna hiyo watakuwepo. Watoto utakaowakuta ni wajukuu wa watu niliokaa nao dawati moja. Wengi wataikimbilia mikono yako, watahesabu kwa sauti mpaka ng'ombe wa Wamasai wageuke barabarani, na watakupenda, na wataelewa. Sina wasiwasi nao. Ninamfikiria mmoja dirishani, aliyezungushia mkono kitu. Hatakusumbua. Atakuwa na adabu. Ni rahisi sana kumpita mtoto wa namna hiyo mwaka mzima, na siku ya mwisho ukashangaa kwamba hukumbuki sauti yake. Mtoto huyo nilikuwa mimi, katika kata hiyo hiyo.

Sikuambii uyatupe makopo ya vijiti. Ukiyatupa nitakuja huko kwa basi kuyaokota.

Nimeisoma tena barua hii, na nimeona kosa ndani yake ambalo siwezi kulisahihisha kwa kalamu. Nimekueleza yote haya kwa maandishi, kwa pambizo mbili, kwa sababu hivyo ndivyo mimi ninavyoelewa mambo. Wewe hujawahi kuelewa kitu kwa kukisoma. Utaisoma barua hii ndani ya basi, utasikitika kidogo, utaikunja, na itakupita kama mifano ya ubaoni ilivyokupita. Nimefanya tena lile lile.

Kwa hiyo nimefanya na jambo la pili. Wiki hii, ulipokuwa ukienda sokoni kutafuta ndoo na jiko, nilikata bua la mkonge lililokuwa nyuma ya choo na kuchonga vijiti kwa kisu cha jikoni. Kile kidonda cha kidole gumba ulichoniuliza, nikasema ni kitunguu, si kitunguu. Vijiti havilingani, na fundo la katani ni baya. Babu yako angelicheka mpaka kiko kizimike. Nimeliweka tita hilo ndani ya sanduku, juu ya ile ripoti.

Utalifungua na kulihesabu kabla hujatandika kitanda, nakujua. Vidole vyako vitaanza kabla hujaamua. Utakuta ishirini na tisa. Utahesabu tena kwa sauti, na vitakuwa ishirini na tisa.

Sikukosea. Cha thelathini kiko hapa mezani kwangu, karibu na kalamu. Siku utakapolijua jina la mtoto huyo wa dirishani, njoo ukichukue.

Mama yako,
Mwanahamisi